Edwin Link, Fundi wa Vinanda Aliyewafunza Marubani

Mwaka jana mivukuto ya kinanda cha kanisa letu ilitoboka, nami nilikuwa mmoja wa wanafunzi waliopewa kazi ya kuibandika ngozi mpya. Sikujua wakati ule kwamba mivukuto kama ile imewaokoa marubani wengi. Hayo niliyajua baadaye, niliposoma habari za Edwin Link, nami nimeona vema niwasimulie wasomaji wenzangu.

Bwana Link alizaliwa mwaka 1904 katika jimbo la Indiana, Marekani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, na kijana alijifunza humo jinsi pumzi inavyopitishwa katika mabomba na vilango vidogo. Lakini alilolipenda zaidi ni ndege. Mwaka 1920 alilipa dola 50, fedha nyingi siku zile, apate somo lake la kwanza la urubani. Mwalimu akampandisha, akampindua huku na huku angani karibu saa nzima, kisha akatua, na mwanafunzi hakuwa amegusa usukani hata mara moja! Sisi tulio shuleni twajua uchungu wa somo la namna hiyo.

Basi alijifunza kwa shida mpaka akawa rubani, na mwaka 1927 akaanza kutengeneza, katika kiwanda cha baba yake, ndege isiyoruka. Ilikuwa sanduku lenye mabawa mafupi, kiti na usukani, limewekwa juu ya mivukuto ya kinanda. Rubani akivuta usukani, hewa hunyonywa katika mvukuto mmoja na kuachwa iingie katika mwingine, sanduku likainama au likainua pua kama ndege hasa. Alilimaliza mwaka 1929. Wakubwa wa ndege hawakulijali, na mengi ya kwanza yaliuzwa katika viwanja vya michezo, watu wakalipa senti na kupanda kujifurahisha.

Yanipasa nieleze kwa nini rubani alihitaji sanduku hilo. Ndani ya wingu mwili humdanganya mtu. Kaa katika kiti kinachozunguka, fumba macho, mwenzako akuzungushe taratibu kwa mwendo uleule. Baada ya muda kidogo utaona kama umetulia, na akikusimamisha utaapa kwamba unazunguka upande wa pili. Vivyo hivyo ndege huweza kulala ubavu, ikazunguka na kushuka, naye rubani anasikia mwilini kwamba yu sawasawa. Vipimo vilivyo mbele yake vyamwambia kweli, lakini asiyezoezwa huuamini mwili wake, huvuta usukani ili apande, na mzunguko huzidi kukaza mpaka chini. Wala hili si kosa la wajinga. Hodari hupotea vilevile.

Februari 1934 Rais Roosevelt alivunja mikataba ya makampuni yaliyochukua barua kwa ndege, akalipa jeshi kazi hiyo. Marubani wa jeshi walizoea kuruka mchana kweupe. Sasa wakatumwa usiku, katika theluji na ukungu, na wengi hawakuwa wamezoezwa kuongoza kwa vipimo tu. Katika miezi michache walikufa zaidi ya 10. Ndipo wakubwa walipomtaka Bwana Link. Siku waliyomngojea katika uwanja wa Newark ukungu ulikuwa mzito, nao walidhani hawezi kuja, mara ndege yake ikatokea, ikatua salama. Jeshi likanunua masanduku 6, kila moja dola 3,500. Nasema wazi kwamba hili linaniudhi: sanduku lilikuwako miaka 5, watu wakilichezea, na huenda baadhi ya vijana wale wangalipona.

Katika Vita Vikuu vya Pili yalitengenezwa kiasi cha 10,000, na wanahewa kiasi cha nusu milioni walifunzwa humo. Mwanafunzi hufunikwa asione nje. Mwalimu hukaa mezani penye ramani, na chombo kidogo chenye magurudumu, walichokiita kaa, hutambaa juu ya ramani kikichora kwa wino njia aliyopita. Aliyepotea, au aliyeshuka mpaka kipimo cha kimo kikasoma sifuri, alifunuliwa, akaonyeshwa kosa lake, akarudi kitini kuanza upya. Hilo lanipendeza kuliko yote.

Baadaye aligeukia bahari. Mwaka 1962 chombo chake kilimweka Robert Sténuit zaidi ya saa 24 katika kina cha meta 61, karibu na pwani ya Ufaransa. Lakini Juni 1973 nyambizi ndogo aliyoibuni ilinaswa na waya wa meli iliyozama karibu na Key West, Florida. Dawa ya kusafisha hewa ilipoa kwa baridi ya maji, ikashindwa kazi. Ilipopandishwa, wawili kati ya watu wanne walikuwa wamekufa, na mmoja wao ni Clayton, mwanawe Bwana Link.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda. Mzee alikuwa na miaka 68, nami nilidhani ataacha kazi. Kumbe alirudi kwenye meza yake ya kuchorea, akabuni chombo kisicho na mtu ndani, chenye kamera na mkasi wa kukatia nyaya, cha kwenda kukomboa nyambizi iliyonaswa. Alifariki Septemba 1981 mjini Binghamton, kilipokuwa kiwanda cha vinanda cha baba yake.