Solomon Berson, munganga aliyepima insulini akafa mbele ya Nobel

Solomon Berson alizaliwa New York tarehe 22 mwezi wa ine 1918. Alipotaka kusomea uganga, shule 21 zilimukatalia. Diploma alikuja kuipata 1945.

Mwaka 1950 aliingia hospitali ya askari wa zamani kule Bronx. Alikuta pale Rosalyn Yalow, mama wa fizikia, aliyeanzisha labo yake ndani ya chumba cha kuwekea mafagio. Wakafanya kazi pamoja zaidi ya miaka 20.

Insulini ni protini inayobeba ujumbe: inaambia mwili upokee sukari kutoka damu. Wakati ule kulikuwa wazo kwamba mtu mzima mwenye ugonjwa wa sukari anaiharibu insulini mbio. Wale wawili wakaitia alama ya mionzi, wakadunga wagonjwa, wakafuata damu yao. Kumbe ni kinyume! Kwa waliokwisha kudungwa insulini ya nyama kama ng'ombe, ilikawia kutoka. Mwili ulikuwa umetengeneza kingamwili, askari wake, nao ndio waliikamata.

Wakubwa wa sayansi walikataa: insulini ni ndogo mno, haiwezi kuamsha askari. Gazeti Science lilirudisha makala. Lingine liliitoa 1956, lakini mpaka neno kingamwili liondoke kwenye kichwa.

Hapo ndipo akili ya kazi yao ilionekana. Kama kingamwili zinashika insulini, basi zinaweza kuipima. Unaweka kingamwili kidogo na insulini yenye alama, halafu unaongeza damu ya mgonjwa. Insulini yake inagombania nafasi. Ikiwa mingi, ile yenye alama inabaki nje. Unahesabu tu. Kingamwili zenyewe walizitoa kwa simbilisi, ndugu za wale wanaofugwa nyumba nyingi za Kivu.

Mwaka 1960 majibu yalikuwa wazi: wagonjwa wengi wa utu uzima wanayo insulini, hata ya kutosha, ila mwili hauisikii vizuri. Njia hiyo ilisaidia pia kutafuta hepatiti B ndani ya damu ya kutolea wagonjwa. Hawakuitafutia hati ya kuiuza.

Berson alikufa ghafla tarehe 11 mwezi wa ine 1972, na miaka 53. Nobel ya 1977 Yalow aliipokea bila yeye, maana marehemu hapewi. Lakini labo, Yalow alikwisha kuipa jina la Berson, ili litokee kwenye kila makala.