Turkana Boy: jino lake bado lina stori

Kama umekaa Lodwar au Kakuma unajua jua la huko halina utani. Sasa fikiria mtoto amelala kwenye hiyo joto miaka kama milioni 1.5. Utasema hakuna kitu kilibaki, si ndio?

Mtoto mwenyewe unamjua, ni Turkana Boy. Aliishi magharibi mwa ziwa, kaskazini mwa Lodwar, kabla binadamu wa aina yetu hawajatokea. Wataalamu wengi humwita Homo erectus. Alikuwa na miguu mirefu kama yetu, na alipokufa alikuwa karibu sentimita 160. Halafu shika hii: ndani ya jino kuna mistari ya kukua, kama ile ya mti, na ukiihesabu unapata alikuwa na miaka kama 8! Mifupa yake inaonekana ya mtoto mkubwa zaidi. Taya lilikuwa na dalili za ufizi kuoza pale jino la utoto lilipotoka, na kuna waliofikiri hiyo ndiyo ilimuua. Akalala kwenye matope, wanyama wakamkanyaga, udongo ukamfunika.

Agosti 1984, Kamoya Kimeu akaona kipande kidogo cha fuvu kando ya lagga ya Nariokotome. Wakachimba misimu kadhaa, ikafika mifupa 108.

Lakini nani alisema ni boy? Walisoma umbo la mifupa, hasa nyonga. Kwa mtoto, hiyo ni ngumu kuisoma. Jino linaweza kusema wazi zaidi. Kwenye enameli, ile sehemu ngumu ya nje, kuna protini inaitwa amelojenini. Ya kromosomu Y inatofautiana kidogo na ya X. Unayeyusha kaenameli kadogo kwa asidi, vipande vya protini vinaingia kwenye masi spektrometa, mashine inayopima uzito wa molekuli, na uzito unakuambia ni asidi amino gani zimo.

Hapa ndipo watu hukosea. Kile kipande cha kiume kina methionini, asidi amino inayopenda oksijeni. Inashika kutu kama mabati ya Kakuma, na kutu inaongeza uzito: 16 juu. Ukitafuta uzito wa ile safi peke yake, unaweza kupita kijana wa kiume ukamwandika msichana.

Na usiniambie joto limemaliza kila kitu. DNA ndiyo haivumilii. Mwaka 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti wa protini za enameli kutoka Loperot, kusini mwa Lodwar, meno ya wanyama wakubwa ya miaka milioni 18. Mwaka huohuo, meno manne ya Paranthropus kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, yalisomwa: wawili wa kiume, wawili wa kike.

Basi tumtoboe Turkana Boy? Enameli ikishayeyuka hairudi, na mifupa hii iko moja tu, Nairobi. Mimi nasema ndiyo, lakini kachembe tu, na kwa sharti. Protini za meno ya Loperot zilisomewa Marekani. Hili lisomewe Lodwar, na anayebonyeza mashine awe msee wa Turkana University College.