Habari za Bibi Ethel Fenwick na Daftari la Wauguzi

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1857 karibu na mji wa Elgin, katika Uskochi, na jina lake la usichana lilikuwa Ethel Gordon Manson. Alijifunza kazi ya kuuguza huko Nottingham na Manchester. Mwaka 1881, umri wake miaka 24 tu, akafanywa mkuu wa wauguzi katika hospitali ya St Bartholomew, mjini London. Akakaa pale miaka sita, hata alipoolewa na daktari Bedford Fenwick akaacha cheo kile.

Siku hizo Uingereza haikuwa na sheria ya kazi hii. Mwanamke ye yote aliweza kuvaa nguo za mwuguzi na kupokea mshahara, wala mgonjwa hakuwa na njia ya kujua kama mkono unaomnywesha dawa umefundishwa au sivyo. Bibi Fenwick akashika neno moja: Serikali na iweke daftari, wala asiandikwe mtu ila amejifunza miaka mitatu. Mwaka 1887 akaanzisha chama cha wauguzi kwa ajili ya shauri hilo.

Tena aliyempinga, msomaji usishangae, ni Florence Nightingale, yule aliyewauguza askari katika vita vya Krimu, na ambaye mwaka 1851 alijifunza kwa mashemasi wa kike wa Kaiserswerth, Ujerumani. Yeye aliona ya kuwa mtihani hupima akili, haupimi huruma wala uaminifu. Neno hilo si dogo, na kila aliyewahi kulazwa hospitalini analijua. Lakini moyo mwema usiojua kipimo cha dawa waweza kuua, na hapo twaona Bibi Fenwick alitazama mbali zaidi.

Wakuu wengi wa mahospitali nao walikataa. New Zealand ikatangulia kuweka sheria, mwaka 1901. Mswada wa Bibi Fenwick ulifika Bungeni mwaka 1904, ukashindwa, ukarudishwa, ukashindwa tena. Ndipo vita vya 1914 vikaleta wanawake wengi wa kujitolea, waliofundishwa kidogo tu, wakauguza pamoja na wenye hati, hata watu wakaona haja ya kuwapambanua. Sheria ikapita mwezi wa Desemba 1919.

Daftari lilipofunguliwa mwaka 1921, jina la kwanza, namba 1, lilikuwa lake. Lakini alikuwa mtu mkali, si mwepesi wa kupatana na wenziwe. Katika Baraza la Wauguzi alitaka karatasi za kila mwombaji zichunguzwe sana, kazi ikachelewa, na kabla mwaka haujaisha mwenyekiti na wajumbe wengi wakajiuzulu. Wauguzi walipopewa kupiga kura, hao hao aliowapigania zaidi ya miaka 30, hawakumchagua.

Akarudi kwenye gazeti lake la wauguzi, akalitengeneza mpaka uzee wake. Akafa tarehe 13 Machi 1947, mwenye miaka 90.