Benjamin Robins, Mpima Mwendo wa Risasi

Benjamin Robins alizaliwa Bath, Uingereza, mwaka 1707, katika jamaa maskini ya Waquaker, watu wasioshika silaha. Hata hivyo ndiye aliyewatoa wapiga mizinga katika kubahatisha. Alifyatua risasi kwenye pembea nzito, akapima ilivyosukumwa, akakokotoa mwendo wa risasi. Mwaka 1742 alichapisha hesabu zake, akidhihirisha kwamba hewa huizuia risasi kwa nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Alifariki India mwaka 1751, maandishi yakabaki.

Leo vyombo vya umeme hupima mwendo huo na kompyuta huuhifadhi. Lakini askari wa Busia au Tororo asipoandika pamoja nao tarehe, namba ya bunduki na aina ya risasi, tarakimu hizo hazitamfaa mwenziwe wa ng'ambo ya mpaka, wala mahakama.