Jenerali China: Aliponea kitanzi, akapata darasa Lokitaung

Hapa Lodwar ukitaja wafungwa wa mkoloni, watu watakutajia Kenyatta. Sawa, aliletwa hapa 1959. Lakini kabla ya hapo alikuwa Lokitaung, kaskazini zaidi, na huko kulikuwa na mfungwa mwingine ambaye vijana wengi kutoka hapa hadi Kakuma hata hawamjui: Waruhiu Itote, almaarufu Jenerali China.

Alizaliwa Nyeri 1922. Akapigania Waingereza kule Burma vita vya pili vya dunia, akarudi nyumbani akakuta heshima hakuna. Akaingia Mau Mau, akawa mkubwa wa wapiganaji wa Mlima Kenya.

Januari 1954 akapigwa risasi shingoni, akashikwa. Akahojiwa siku kadhaa. Mahakama ikamhukumu kunyongwa.

Sasa hapa ndipo stori inakuwa ngumu. China alikubali kuandikia wenzake msituni barua ili wazungumze na serikali. Mazungumzo yakavunjika, lakini yeye hukumu ya kifo ikaondolewa. Hebu jiweke pale: wewe uko hai, wenzako bado wanawindwa kama swara, na kuna watu wanakuita msaliti. Mimi sijui kama ningelala usiku. Kuna jela ya kuta na kuna ile unaibeba kifuani.

Na mzigo huo ndio alifika nao Lokitaung. Jua la Turkana unalijua, sina haja ya kukuelezea. Kenyatta ndiye alikuwa mpishi wa wafungwa, na ndiye alimfundisha China Kiingereza. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, jenerali mzima, anaanza kusoma upya kama mtoto! Mimi niliyeacha chuo hapo nanyamaza tu.

Alitoka 1962. Serikali ilikuwa imemwita gaidi miaka yote hiyo, na angeweza kurudi mtaani na hasira zake. Badala yake akaenda Israeli kwa mafunzo ya kijeshi, halafu NYS ilipoanzishwa 1964 akawa naibu mkurugenzi. Fikiria: aliyewahi kuongoza vijana wenye bunduki msituni sasa anaongoza vijana wa kuchimba barabara na kujifunza ufundi. Alikaa huko hadi miaka ya themanini.

Mwaka 1967 alitoa kitabu kuhusu vita vyake, kwa Kiingereza, ile lugha ya Lokitaung. Alifariki 1993.