Maisha ya Ishiro Honda

Wengi wetu tumesikia habari za Godzilla, dubwana la senema litokalo baharini na kuponda miji. Lakini ni wachache wamjuao mtu aliyeongoza picha ya kwanza ya dubwana hilo, au sababu iliyomfanya aitengeneze. Mtu huyo ni Ishiro Honda, Mjapani aliyeona vita kwa macho yake.

Alizaliwa tarehe 7 Mei, 1911, katika jimbo la Yamagata, nchi ya milima na theluji nyingi. Baba yake alikuwa kasisi wa dini ya Buddha. Jamaa yake ilipohamia Tokyo, kijana Honda aliziona picha za senema akazipenda mno. Alisoma Chuo Kikuu cha Nihon, na mwaka 1933 akaingia kazini katika kampuni ya picha ambayo baadaye iliitwa Toho. Huko alipata rafiki wa maisha, Akira Kurosawa, ambaye jina lake lilikuja kuvuma dunia nzima.

Lakini kazi yake ilikatizwa mara kwa mara. Aliitwa jeshini mara tatu, akatumikia kwa jumla kama miaka sita, sehemu kubwa huko Uchina. Wenzake walipokuwa wakipanda vyeo, yeye alikuwa vitani. Siku moja kombora lilianguka mbele yake lisipasuke. Alilichukua, akalileta nyumbani, akaliweka juu ya meza yake, nalo likakaa hapo miaka yote.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, alishikwa mateka Uchina. Aliporudi kwao mwaka 1946 alipita Hiroshima, mji ulioteketezwa kwa bomu la atomiki tarehe 6 Agosti, 1945. Mambo aliyoyaona hayakumtoka moyoni.

Tarehe 1 Machi, 1954, Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni huko Bikini, katika bahari ya Pasifiki. Mashua ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa, lakini majivu yenye sumu yaliwaangukia wavuvi wote 23. Mmoja wao alifariki mwezi wa Septemba. Watu wa Japani wakaogopa hata kula samaki.

Mwaka huo huo, tarehe 3 Novemba, picha ya Godzilla ilianza kuonyeshwa. Dubwana lenyewe alikuwa mtu aliyevaa vazi zito la mpira, akitembea katikati ya nyumba ndogo za kuigiza. Ufundi huo ulikuwa wa Eiji Tsuburaya. Lakini Honda hakutaka watu wacheke. Dubwana lake limeamshwa na majaribio ya mabomu, na baada ya kupita kwake twaona hospitali zilizojaa majeruhi na watoto wanaolilia mama zao. Bungeni watu wanabishana: hawa wataka habari zifichwe ili nchi isiingiwe na hofu, na wale, wanawake wakiwa mbele, wataka wananchi waambiwe kweli. Mwishoni mtaalamu Serizawa, aliyevumbua kitu cha kuliua dubwana, anachoma maandishi yake yote na kukubali kufa pamoja nalo chini ya bahari, ili siri yake isije ikafanywa silaha.

Picha hiyo ilipendwa sana Japani. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1956, ilikatwakatwa, na maneno mengi juu ya mabomu yakaondolewa. Honda aliendelea kutengeneza picha za madubwana hata mwaka 1975, nyingine zikiwa za kuwafurahisha watoto tu. Baadaye alirudi kumsaidia rafiki yake Kurosawa, bila kuona haya kuwa chini yake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bwana mkubwa. Alifariki Tokyo tarehe 28 Februari, 1993, mwenye umri wa miaka 81.

Kazi yake haikufa naye. Tarehe 11 Machi, 2011, Japani ilipatwa na tetemeko la ardhi na mawimbi makubwa, na kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima kikaharibika. Miaka mitano baadaye, Hideaki Anno na Shinji Higuchi waliisimulia hadithi ya Godzilla upya tangu mwanzo, katika picha iitwayo Shin Godzilla. Humo mawaziri watoka mkutano huu na kuingia ule, kila mmoja akingoja amri ya mkubwa wake, huku dubwana likipanda nchi kavu. Nchi za nje zaamua kuupiga mji wa Tokyo kwa bomu la nyuklia, na maofisa vijana wafanya kazi usiku na mchana ili kulishinda dubwana kabla ya saa hiyo kufika. Swali ni lile lile la Honda: Je, wakubwa watasema kweli na kutenda upesi?

Mficha maradhi, kilio humfichua. Ndivyo ilivyo pia kwa serikali ifichayo hatari. Honda angaliweza kurudi vitani na kusimulia ushujaa tu. Badala yake aliwaonya watu kwa njia ambayo hata mtoto aliweza kuielewa. Nasi tulio shuleni, tuipatapo elimu, tumkumbuke Serizawa wa Honda, tujiulize kabla ya kuitumia: itamfaa nani, na itamdhuru nani?