Ibn al-Haitham na Nuru ya Kioo

Vijana wanaotunga programu za picha za kompyuta wana taabu moja inayonipendeza. Wakitaka kuchora bilauri, huiamuru mashine ipunguze uzito wa rangi yake ili vilivyo nyuma vionekane. Mara mng'aro wa taa juu ya bilauri nao hufifia, bilauri ikawa kama moshi. Dawa yake ni kuhesabu mbali nuru ipenyayo, na mbali nuru irudiyo kutoka usoni pa kioo, kisha kuzijumlisha. Nisikiapo hayo humkumbuka al-Hasan bin al-Haitham.

Alizaliwa Basra karibu na mwaka 965. Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarehe aliyefariki 1248, asimulia kwamba alidai angeweza kuyaratibu maji ya Mto Nili, mafuriko na kiangazi. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Akapanda mto mpaka upande wa Aswan, na njiani akayaona majengo ya watu wa kale. Akatambua kwamba lau jambo lile lingewezekana, mafundi wale wangalikwisha kulifanya. Ikambidi arudi kukiri kushindwa mbele ya mtawala aliyekuwa mwepesi wa kuua. Akapewa kazi serikalini, hofu ikamzidi, akajitia wazimu. Akafungiwa nyumbani, mali yake ikashikwa, hata al-Hakim alipotoweka mwaka 1021.

Wako waitiliao shaka hadithi hii. Mimi naiamini, mwenye akili hana milango mingi mbele ya mtu kama yule.

Aghalabu husemwa kwamba Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba, alikiandika katika miaka hiyo. Euclid na Ptolemy walifundisha kuwa jicho ndilo litoalo miali. Yeye akasema la, nuru hutoka kwenye vitu ikalijia jicho. Tena hakusema tu. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, ukutani yakaonekana madoa ya nuru kwa idadi ya taa. Akiifunika moja, doa lake hutoweka, mengine husalia. Nuru zote zilipita tundu moja wala hazikuchanganyika.

Na kioo je? Alishika kwamba hewa, maji na kioo, vyote vipenyavyo nuru, vina unene kidogo wa kuizuia. Kwa hiyo kioo hupitisha nuru na papo hapo chenyewe huonekana kwa nuru hiyo. Ikiingia kwa mshazari, hupinda. Ndiyo mambo yale yale yawahangaishayo vijana wetu.

Alipofunguliwa alikaa karibu na al-Azhar, akawa kila mwaka anakili vitabu vya Euclid na Almagest ya Ptolemy, akiviuza kwa dinari 150, ndiyo riziki yake ya mwaka mzima. Alifariki Kairo karibu na 1040. Tafsiri ya Kilatini ya kitabu chake ilipigwa chapa Basel mwaka 1572, na mwandishi akaitwa Alhazen, jina ambalo mwenyewe asingaliliitikia.